Eti nisubiri nifikishe miaka 75 ndiyo faili langu lisogezwe mbele!

Wakuu, nimekata simu sasa hivi na bado natetemeka. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, maana nikisimama tu goti linalia kama bawaba ya mlango wa stoo.

Hao jamaa wa mafao ya wanajeshi wastaafu wa Marekani mnawajua, siwataji. Nimewapigia kuulizia rufaa yangu ya fao la ulemavu. Dakika 94 nasikiliza kinanda, chai imeota utando, mke wangu kaenda kazini karudi. Mwisho akapokea binti mwenye sauti ya asali, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikajua anafungua faili. Kumbe anapiga hesabu! "Una miaka 41. Wanaosogezwa mbele kwa umri ni waliotimiza 75."

Sabini na tano, wakuu.

Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilipofungua ule mlango wa wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, hakuna aliyeniambia nirudi nikizeeka. Nilibebeshwa begi siku ileile. Goti nikaliacha Kandahar, Afghanistan. Wakanipa asilimia 10 ya ulemavu, nikakata rufaa, huu mwaka wa tatu, na dawa yenyewe ndiyo hiyo: nizeeke.

Msiniambie mfumo ulirekebishwa. Najua, tangu Februari 2019 kuna njia tatu: upeleke ushahidi mpya, afisa wa juu alipitie upya, au uende kwenye bodi ya rufaa. Mimi nikachagua bodi, tena nikataka jaji anisikilize, foleni ndefu kuliko zote. Hapo nilijiloga mwenyewe. Lakini 75?! Baba yangu mzazi hajafika 75!

Nataka kuwashtaki. Nani ameshawahi? Mnijibu kistaarabu.

Mla Mihogo: Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Kaka wa Dallas: Jeshini ulikwenda kwa miguu yako, tena magoti yote mawili mazima. Sasa unatulilia sisi?

Wakili wa Kijiweni: Mkuu, kushtaki kunasaidia na hakusaidii. Unaiomba mahakama ya rufaa za wastaafu wa jeshi iwaamuru watoe uamuzi. Mara nyingi wakiona karatasi ya mahakama, faili lililolala linaamka ghafla, unapewa uamuzi, kesi inafia hapohapo. Umesogea wewe, foleni iko palepale. Ndiyo maana watu wakapigania kesi za kundi, yaani mmoja anashtaki kwa niaba ya wote wenye shida ileile. 2017 mkongwe wa Vietnam, Conley Monk, alishinda hoja kwamba mahakama ile inaweza kuzisikiliza. 2018 kundi lake mwenyewe likakataliwa. 2019 likapita kundi jingine, la waliokaa zaidi ya miezi 18 wakisubiri faili likaguliwe tu kabla ya kwenda kwenye bodi. Hao jamaa wa mafao wakapewa siku 120 wamalize ukaguzi.

Mwenye uzi: Siku 120 nazitaka! Mimi nimepewa miaka 34!

Wakili wa Kijiweni: Wale walikuwa mfumo wa zamani. Halafu amri ya kuharakisha si amri ya kukubali. Unaweza kuharakishiwa "hapana".

Shangazi Minnesota: Mimi mahakama zilishanichosha. 2011 majaji wa rufaa kule San Francisco waliwachana hao jamaa kwa ucheleweshaji mpaka tukapiga vigelegele. Mwaka uliofuata likakaa jopo kubwa, 10 kwa 1, hatuna mamlaka, kaliulizeni Bunge. Vigelegele tukavimeza.

Mwenye uzi: Shangazi, wewe uliambiwa usubiri mpaka 75?

Shangazi Minnesota: Mimi niliambiwa faili halionekani. Afadhali wewe una namba ya kushika.

Mjukuu wa Keya: Babu yangu alipigana Burma. Alirudi na koti zito na kikohozi, fao alilisikia redioni. Nyinyi mnapigiwa hadi kinanda, mnalalamika.

Mwalimu Mstaafu: Vijana, shikamoo yenu naipokea hata kama hamjaitoa. Mimi niko Singida. Mafao yangu mwezi wa 14 huu. Barua ya kuajiriwa ya 1984 nimeipeleka mara tano. Mara ya tano nikaambiwa muhuri umefifia.

Mla Mihogo: MUHURI UMEFIFIA 😂😂 Shikamoo mwalimu. Tupe yote, usiruke hata nauli.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Siku ya kwanza nilifika saa mbili kasoro, mlinzi akaniambia mwenye ufunguo wa kabati yuko msibani...

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wangu! Nimeuliza habari ya kushtaki!

Shangazi Minnesota: Msiba wa nani, mwalimu?

Mwenye uzi: SABINI NA TANO!

Kaka wa Dallas: Kaa kwa kutulia, mkuu. Mwalimu ni mkubwa kwako, amesogezwa mbele.