Gari la MGB la 1970 linamisi kwenye mwendo wa kawaida lakini linavuta vizuri mlimani: ni moto wa cheche au ni mafuta?

Mkaazi wa Leicester aliuliza:

Shikamooni wazee, na salamu kwenu nyote mnaotunza magari ya zamani.

Ninaomba msaada kuhusu MGB ya mwaka 1970, ile ya wazi, yenye injini ya sentimita za ujazo 1798, kabureta mbili za SU na distribyuta (kigawa cheche kwa plagi) ya Lucas ya aina ya 25D4 ambayo bado inatumia pointi, yaani vile vigusio vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili. Ethi yake (upande wa betri uliounganishwa na bodi) ni hasi, na takometa, ile saa ya mizunguko ya injini, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani Abingdon.

Gari linawaka vizuri likiwa la baridi na hata likiwa la moto. Likisimama, injini inatulia bila kutetemeka, na nikiwa mjini kwenye foleni sina la kulalamikia. Tatizo hujitokeza ninaposhika barabara kuu na kutulia kwenye mwendo wa maili 50 hivi kwa saa, mahali tambarare, mguu ukigusa mkanyagio wa mafuta kidogo tu. Hapo injini huanza kumisi na kushtuka, kana kwamba kuna mtu anayezima swichi na kuiwasha tena upesi upesi. Nikikanyaga mafuta hadi chini, hasa ninapopanda mlima, gari linavuta vizuri mno. Mara ya mwisho lilizima kabisa barabarani. Nililisogeza pembeni, nikapiga stata, likawaka papo hapo.

Gereji niliyolipeleka ilibadilisha plagi, waya zake, koili, kondensa na pointi, kisha ikanirudishia gari likiwa na ugonjwa uleule. Sasa inanishauri ninunue distribyuta mpya nzima, jambo ambalo sitaki kulifanya kabla ya kujua kilichoharibika ni nini. Nina mita ya umeme, fila geji ya kupimia mwanya na taa ya taimingi ya kupimia wakati wa cheche, na ninaweza kufanya kazi kwa uangalifu nikielekezwa. Je, nianze kufuatilia moto au mafuta?

Mpenzi wa Triumph, Muscat:

Ndugu yangu, pole sana. Mimi ningeanza na mafuta. Hapa Muscat wakati wa joto, Triumph yangu hushtuka kwa namna inayofanana sana na hiyo, kwa sababu petroli huchemka kwenye bomba kabla haijafika kwenye kabureta, na petroli za siku hizi huwa mvuke kwa urahisi kuliko zile ambazo magari haya yaliundiwa.

Isikilize pampu ya SU iliyo nyuma, karibu na gurudumu la kulia. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, inapaswa kugonga mara kadhaa hadi vikombe vya kabureta vijae, halafu inyamaze. Ikiendelea kugonga wakati hakuna mafuta yanayotumika, inavuta hewa mahali fulani au kuna mahali mafuta yanavuja. Isipogonga kabisa, kumbuka kwamba nayo ina pointi zake ndani, na hizo huchakaa kama pointi nyingine zozote. Kagua pia chujio na sindano za kufungia mafuta kwenye vikombe vya kabureta.

Fundi Mstaafu, Nairobi:

Marahaba, kijana wangu. Ndugu yetu wa Muscat amesema kweli kuhusu joto na kuhusu pampu, lakini dalili ulizozieleza zinaelekea kwingine, na ninaomba tuzisome vizuri kabla hujatoa senti nyingine.

Injini inayokosa mafuta huonyesha njaa yake pale inapohitaji mafuta mengi, yaani unapokanyaga hadi chini ukipanda mlima. Gari lako linafanya kinyume chake: linaumwa likiwa halina mzigo na kupona likibebeshwa. Isitoshe, petroli iliyochemka ndani ya bomba haipoi katika muda wa kusogeza gari pembeni na kupiga stata. Kwa hiyo jiulize ni kitu gani ndani ya mfumo wa moto kinachobadilika mguu unapogusa mafuta kidogo, kisha kinarudi mahali pake mguu unapokanyaga sana au injini inapozima.

Kitu hicho ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Kutoka kwenye kabureta kuna bomba jembamba linalokwenda kwenye kile kisahani cha mviringo kilicho ubavuni mwa distribyuta. Unapokwenda kwa mwendo wa kutulia kwenye tambarare, mlango wa kabureta ukiwa umefunguka kidogo tu, mvuto wa hewa ndani ya bomba hilo huwa mkubwa. Kiwambo kilicho ndani ya kisahani huvutwa, nacho huizungusha ile sahani iliyobeba pointi ili cheche ije mapema zaidi. Ukikanyaga hadi chini, mvuto hufifia na sahani hurudi. Injini ikiwa imetulia, bomba huwa nyuma ya mlango uliofungwa, kwa hiyo sahani haisogei. Linganisha hayo na maelezo yako mwenyewe utaona yanavyolingana hatua kwa hatua.

Sasa, sahani hiyo ina waya mbili fupi. Mmoja huingiza umeme wa koili kutoka terminali ya nje hadi kwenye springi ya pointi, na mwingine ni wa ethi, unaounganisha sahani na bodi ya distribyuta. Waya hizo hupindwa na kunyooshwa kila sahani inapozunguka, na baada ya miaka mingi nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha pointi na kondensa, akazitazama waya hizo kwa macho yake, na asione kasoro.

Ninaomba ufanye majaribio mawili. La kwanza halihitaji kifaa: tatizo likianza, tazama takometa. Kwenye MGB za miaka hiyo, umeme unaokwenda kwenye koili hupitia kwenye takometa, kwa hiyo mshale ukianguka ghafla au kurukaruka wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme mdogo, yaani ule wa koili na pointi, unakatika. Mshale ukishuka taratibu pamoja na injini, itabidi tutazame umeme mkubwa, yaani rota (kile kinachozunguka kugawa cheche), kifuniko na waya za plagi, au turudi kwenye mafuta. La pili, vua bomba la vakyumu kwenye distribyuta, ziba mwisho wake ili kabureta isivute hewa, kisha uendeshe barabara ileile kwa mwendo uleule.

Mkaazi wa Leicester:

Mzee, nakushukuru sana. Nimefanya majaribio yote mawili, na majibu yake ni dhahiri kuliko nilivyotarajia.

Kila injini iliposhtuka, mshale wa takometa ulianguka kuelekea sifuri na kuruka tena juu. Nilipovua bomba la vakyumu na kuliziba, gari lilikwenda barabara ileile bila kumisi hata kidogo, ingawa lilikuwa zito kidogo kuitikia mguu.

Baadaye nilifunga swichi, nikavua kifuniko na rota, nikaweka ncha moja ya mita kwenye sahani ya pointi na nyingine kwenye bodi ya distribyuta. Sahani ikiwa imetulia, mita ilisoma karibu na ohmu sifuri. Nilipoizungusha kwa kidole upande ambao vakyumu huivutia, namba ziliruka, na mwisho wa mzunguko mita haikusoma kitu kabisa. Waya wa ethi wenyewe, unaofunikwa na kitambaa cheusi, hauna jeraha lolote kwa nje. Nilipoubana kati ya vidole viwili nilihisi mahali ambapo ni laini kuliko kwingine, karibu na skrubu inayoufunga kwenye sahani.

Je, niubadilishe huo peke yake? Na je, waya wowote wa gari unafaa?

Mwenye GT, Dar es Salaam:

Hongera kwa kupata chanzo. Ila mimi ningekushauri utumie nafasi hii kuachana na pointi moja kwa moja na kufunga kile kifaa cha kielektroniki kinachokaa chini ya kifuniko. Mimi nilifunga miaka iliyopita na sijawahi tena kushika fila geji. Mwanya haubadiliki, hakuna kinachoungua, na kwa nje distribyuta inabaki na sura yake ya asili.

Fundi Mstaafu, Nairobi:

Sina ugomvi na vifaa hivyo, ndugu yangu, na kwa mtu anayesafiri sana vina faida. Lakini kwa ugonjwa huu havingekuwa dawa. Kifaa hicho hukaa juu ya sahani ileile, waya zake nazo hupindwa kila vakyumu inapovuta, na baadhi yake huitegemea sahani hiyo kupata ethi. Angekifunga juu ya waya uliokatika, angerudi barabarani na mshtuko uleule akiamini kwamba kifaa kipya ni kibovu. Atengeneze ethi kwanza. Akitaka kielektroniki baadaye, achague kinacholingana na ethi hasi na kinachokubali ohmu za koili yake.

Kijana wangu, badilisha waya zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zimefanya kazi ileile kwa umri uleule. Usitumie waya wa kawaida wa wayaringi. Huo una nyuzi nene chache na ganda gumu la plastiki. Utakatika tena upesi, na ugumu wake utaizuia sahani kuzunguka kwa uhuru. Tafuta waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba sana, wenye ganda la silikoni au la kitambaa, unaoweza kuukunja kwenye kidole bila kurudi nyuma kama springi. Urefu uwe wa kutosha ili sahani ikifika mwisho wa mzunguko wake waya usikazwe, lakini usiwe mrefu kiasi cha kugusa kemu inayozunguka katikati na kufungua pointi. Ukiulehemu, risasi isipande ndani ya waya, kwa kuwa pale inapoishia waya huwa mgumu na ndipo utakapokatikia.

Ukishaufunga, vuta hewa kwa mdomo kupitia bomba la vakyumu huku ukiitazama mita. Sahani inapaswa kuzunguka, mita ibaki karibu na sifuri muda wote, na ukiziba bomba kwa ulimi sahani ibaki ilipovutwa. Ikirudi yenyewe, kiwambo kimetoboka.

Katika kurudisha pointi, kuwa mwangalifu sana kwenye kile kigingi chenye nati ndogo. Terminali ya waya wa koili na ile ya kondensa zinatakiwa ziguse springi ya pointi, na zote zikae juu ya kile kibushi cha plastiki, zisikiguse kigingi chenyewe wala nati iliyo juu. Moja ikigusa kigingi, umeme unakwenda ethi moja kwa moja, pointi hazina la kukata, na gari haliwaki kabisa.

Mkaazi wa Leicester:

Nimeelewa, mzee, na waya wa silikoni nimeshaupata. Swali langu la mwisho ni kuhusu distribyuta yenyewe. Gereji inasema mhimili wake umechakaa, na kwamba hata nikibadilisha waya nitarudi kwao. Nitajuaje kama ni kweli?

Fundi Mstaafu, Nairobi:

Lipime dai hilo. Shika ncha ya mhimili, mahali rota inapokaa, uisukume kushoto na kulia. Mchezo mdogo unaoweza kuuhisi kwa shida hauna madhara. Ukiona kwa macho mwanya wa pointi ukifunguka na kujifunga unaposukuma, basi bushi zimekwisha. Zungusha pia rota kwa mkono kuelekea kinyume cha saa, ambako ndiko inakozungukia kwenye injini hii, kisha uiachie. Inapaswa kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi za vile vizito vilivyo chini ya sahani. Isiporudi, chini kumekauka au kumeshika kutu. Tia matone machache ya oili kwenye ile skrubu iliyo chini ya rota, bila kuifungua, na grisi kidogo sana kwenye kemu. Grisi ikizidi itarukia kwenye pointi.

Kwa maelezo yako, injini inayotulia bila kutetemeka na kuvuta vizuri mlimani, sidhani kama mhimili huo umefika mwisho wake. Distribyuta ya asili iliyotengenezwa vizuri ninaipendelea kuliko nyingi za kuiga zinazouzwa sasa, ambazo mara nyingine huja na vizito na springi zisizolingana na injini ya MGB. Rota nayo iangalie: zile zilizofungwa bamba lake kwa riveti ndefu zina tabia ya kupitisha cheche kwenda kwenye mhimili, kwa hiyo ukinunua mpya chagua isiyo na riveti.

Ukimaliza kuunganisha, anza na mwanya wa pointi, kati ya inchi 0.014 na 0.016, kiatu cha pointi kikiwa kwenye kilele cha kemu. Ukipata mita ya dweli, inayopima kwa digrii kipindi ambacho pointi zinakaa zimefungwa, lenga digrii 60, na tofauti ya digrii 3 juu au chini inakubalika. Taimingi iwe ya mwisho, kwa sababu mwanya wa pointi ukibadilika, taimingi nayo hubadilika. Vua bomba la vakyumu na uliziba, uweke digrii 14 kabla ya pistoni kufika juu injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, halafu urudishe bomba na uongeze mzunguko kidogo huku taa ya taimingi ikiwa bado inamulika. Alama ikisogea mbele papo hapo bila kuyumba, vakyumu inafanya kazi na waya wako mpya unaifuata.