Nimelipia kinyago cha zimwi "cha mtu mzima", nimeletewa cha mtoto, na muuzaji kanibloki

Wakuu salaam. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi niko Ujiji, Kigoma. Jumapili jioni nakusanya watoto wa mtaa nawasimulia ngano, kama bibi yangu alivyokuwa akifanya. Safari hii niliwaahidi kwamba zimwi litakuja lenyewe. Ni ile ngano ya binti aliyerudi ufukweni kufuata kombe lake, yaani gamba la konokono wa majini, zimwi likamtia ndani ya ngoma likazunguka naye vijijini. Likipiga, binti anaimba, mpaka mama yake akaitambua sauti. Watoto wa ziwani hawahitaji kufafanuliwa, makombe wanaokota kila siku.

Nikaona tangazo la muuzaji wa Kariakoo: kinyago cha plastiki laini, pembe mbili, manyoya hadi mabegani. Nikamuuliza mara mbili, ni cha mtu mzima? "Cha mtu mzima kabisa bosi." Nikatuma 45,000, na 10,000 ya basi. Kikafika Jumamosi usiku.

Wakuu, ni cha mtoto! Nilipaka poda ndani ndipo kichwa kikaingia kwa kusukuma. Matundu ya macho yakaja kukaa kwenye paji la uso. Puani pamezibwa kabisa. Wamakonde wanachonga mapiko, vinyago vyao vya ngoma, kwa mti mwepesi, mchezaji anavaa kichwani na kuonea mdomoni mwa kinyago, kwa sababu mchongaji anajua humo ndani kuna mtu. Hiki kimetengenezwa kutundikwa dukani tu.

Lakini watoto walishakaa. Paukwa! Pakawa! Nikatoka nyuma ya nyumba, sioni mbele, pumzi hakuna, nikaikanyaga ngoma ya kuazima nikaanguka nayo. Kinyago kikachanika kutoka sikioni hadi kidevuni. Wadogo wakaangua kilio, mama mmoja akaja kumchukua wake. Na binti wa miaka minane wa kuigiza yule wa kwenye ngoma, aliyejifunza wimbo wiki tatu, akabaki ndani ya tenga tulilolifanya ngoma ya zimwi, hajaimba hata ubeti mmoja. Hela inauma, lakini hilo linaniuma zaidi.

Usiku uso ukavimba, vipele mpaka shingoni. Daktari akaniuliza kama nimevaa kitu cha mpira. Kumbe kuna watu miili yao inaukataa mpira wa utomvu, na mimi nimo. Plastiki laini gani hiyo? Ningeandikiwa mpira, ningeuliza kwanza.

Nikamtumia picha za kinyago na za uso wangu. Jibu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kisha kanibloki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na huyu kanidanganya saizi, kanidanganya na kilichotengenezewa. Meseji zote ninazo, na risiti ya muamala ninayo.

Wapo watakaouliza mtu mzima anatafuta nini kwenye vinyago. Zimwi la ngano ni kubwa, haliwezi kuigizwa na mtoto.

Aliyewahi kudai hela yake akiwa mkoani na muuzaji yuko Dar, anielekeze pa kuanzia. Na kama kuna fundi hapa Ujiji, Mwanga au Kibirizi anayeweza kunishonea zimwi la gunia kwa kipimo cha kichwa changu, aniambie bei leo. Nimewaambia watoto tutarudia Jumapili ya mwisho wa mwezi.