Anavuruga kipindi cha Kiswahili lakini kwenye Hisabati ametulia: nitafute wapi sababu?

Swali: Mwalimu wa Darasa la Tano, Kilosa

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha katika shule ya msingi ya serikali, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 90 katika chumba kimoja. Miongoni mwao yumo mvulana wa miaka 13 ambaye alikariri Darasa la Nne baada ya kutofaulu Upimaji wa Kitaifa, na kwa sababu hiyo amewazidi wenzake umri na kimo. Tangu mwaka uanze amekuwa akivuruga vipindi vyangu: hugonga dawati, huigiza sauti yangu, huwanyang'anya wenzake kalamu, na nikimwuliza swali hulijibu kwa mzaha ili darasa zima licheke. Nimemkemea, nimemhamishia dawati la mbele, na mara nyingi nimemtoa nje. Hatua hiyo ya mwisho humtuliza kwa siku ile, lakini kesho yake hali hurudi palepale.

Linalonitatiza ni kwamba mwalimu wa Hisabati hana malalamiko naye hata kidogo, bali humsifu kwa wepesi wake wa kukokotoa kichwani. Fujo huanza katika Kiswahili, na kwa kiasi fulani katika Sayansi. Baadaye mchana husinzia. Analelewa na bibi yake, ambaye nilimwita shuleni akaniambia kwamba nyumbani kijana ni mtiifu na humsaidia kazi zote. Mwalimu wa nidhamu anasema huu ni utukutu mtupu, ilhali mwenzangu mwingine anaamini ni ule ugonjwa wa watoto wasioweza kutulia. Naomba ushauri wa namna ya kuitafuta sababu yenyewe, kabla sijamwandikia katika kumbukumbu zake sifa ambayo atatembea nayo hadi sekondari.

Jibu: Mwalimu mstaafu, Singida

Mwalimu, katika maelezo yako lipo jambo moja ambalo ningelishika kabla ya mengine yote: mtoto huyu ana saa zake za kuvuruga na saa zake za kutulia. Kama tatizo lingekuwa tabia yake kwa jumla, lisingechagua somo.

Chukua daftari dogo, na kila tukio liandike kwa sehemu tatu, yaani kilichotangulia, alichokifanya, na kilichofuata mara tu baada ya hapo. Andika unachokiona, si unachokidhani. «Aligonga dawati nilipowaambia wafungue vitabu» ni maelezo yanayosaidia. «Alileta jeuri» ni hukumu, na hukumu haikuonyeshi pa kwenda. Sehemu ya kwanza huwa tunaisahau, kwa sababu macho ya mwalimu humgeukia mtoto pale kelele inapotokea, wakati sababu ilikwisha kupita dakika moja nyuma yake.

Sehemu ya tatu nayo itazame vizuri. Kwa kawaida mtoto huvuruga ili apate kitu, kama vile kicheko cha wenzake au macho ya mwalimu, ama ili aepukane na kitu kinachomwelemea. Unasema ukimtoa nje hutulia. Jiulize ni kazi gani iliyokuwa ikiendelea darasani ulipomtoa, na kama aliwahi kuifanya kazi ile baadaye. Ikiwa hakuifanya, basi alipata alichokitaka, na kesho yake hana sababu ya kubadili njia.

Jibu: Mwalimu wa nidhamu, sekondari, Mwanza

Kwa heshima zote kwa mwalimu mstaafu, tusisahau kwamba katika darasa hilo wapo watoto wengine zaidi ya 90 ambao wazazi wao wamewaleta kusoma. Mwalimu mmoja hawezi kushika chaki kwa mkono wa kulia na daftari la uchunguzi kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya mtoto mmoja. Sisi huku sekondari tunawapokea vijana wa namna hii wakiwa wameshakomaa, nao wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Viboko viwili mbele ya paredi vingemkumbusha mipaka, kisha hayo mengine yangefuata.

Jibu: Mwalimu wa elimu maalumu, Arusha

Nilisomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, na watoto wa aina hii ndio kazi yangu ya kila siku. Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zimeiweka adhabu hiyo mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, zikaiwekea kikomo cha viboko vinne, na zikataka iandikwe kitabuni. Jirani zetu wa Kenya waliiondoa kabisa mwaka 2001. Hata hivyo, tukiiweka sheria kando, ikiwa mtoto anavuruga ili asifike kwenye kazi asiyoiweza, fimbo nayo inaikatiza kazi hiyo. Anaumia kwa dakika mbili, na anaondokewa na aibu ya nusu saa. Wapo watoto wanaoliona hilo kuwa nafuu.

Nikirudi kwa mwuliza swali, ningeanza na usomaji. Mtoto anayekokotoa kichwani na kuvuruga kila panapofunguliwa kitabu, tena aliyekariri darasa, huenda hajui kusoma kwa kiwango ambacho sote tunamdhania. Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hata mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uchache wa akili, anaweza kuunganisha silabi moja moja bila kukosea sana. Udhaifu wake huonekana katika kasi, kwani huchukua muda mrefu mno, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Tena watoto hawa ni hodari wa kukariri: akisikia wenzake watatu wamesoma aya ileile, ataitamka kana kwamba anaisoma.

Mpime peke yake, baada ya masomo, kwa kifungu ambacho hajawahi kukiona wala kukisikia. Kisha msimulie kwa mdomo hadithi nyingine ya urefu uleule na umwulize maswali. Akiielewa uliyomsimulia na kupotea katika aliyoisoma, utakuwa umejua kwamba akili yake ya kuelewa ni nzima na kizuizi kiko kwenye maandishi. Mtoto ambaye hapati maana kwa njia zote mbili anahitaji uchunguzi wa namna nyingine kabisa.

Mwenzangu wa Mwanza ana haki kuhusu wale wengine 90. Ndiyo maana, ikiwa mwalimu huwasomesha kwa sauti mmoja mmoja, safu kwa safu, ningemshauri aache mara moja. Wasome wawili wawili, au darasa zima kwa pamoja. Hilo halihitaji daftari.

Jibu: Tabibu, kituo cha afya, Iringa

Naomba niongeze upande wa mwili, kwa sababu mpangilio huohuo mnaoueleza unaweza kutokana na macho au masikio. Hesabu huandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Kitabu kina maandishi madogo na hushikwa karibu. Mtoto anayeona vizuri vya mbali na kupata shida kwa vya karibu atang'ara katika Hisabati na kuchoka upesi katika kusoma, tena yeye mwenyewe hatajua kulieleza hilo, maana hajawahi kuona kwa namna nyingine.

Masikio nayo yaangalieni, hasa kama aliwahi kutokwa na usaha mara kwa mara alipokuwa mdogo. Mtoto wa namna hiyo husikia kwamba kuna mtu anazungumza bila kuyapambanua maneno, na katika chumba chenye watoto 90 hukosa nusu ya imla. Simama nyuma yake mahali penye utulivu, utaje majina ya vitu kwa sauti ya chini, naye ayarudie. Si kipimo cha hospitali, lakini kinatosha kukuambia kama anahitaji kupelekwa huko.

Kuhusu ugonjwa wa kutotulia, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, hautaki mtoto apewe jina hilo isipokuwa dalili zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi. Mtoto anayetulia nyumbani na katika Hisabati haelekei huko kwa urahisi. Huko kusinzia, kwa upande mwingine, mngemwuliza bibi anaamka saa ngapi, na anaamka kufanya nini.

Mwuliza swali, Kilosa

Shikamoo mwalimu wa Singida, na asanteni wote. Nimefuata mashauri yenu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Daftari limeonyesha jambo ambalo macho yangu hayakuliona. Fujo haianzi kipindi kinapoanza. Huanza usomaji unapoifikia safu yake, wakiwa wamebaki wenzake wachache kabla ya zamu yake, na hukoma zamu ikishapita. Katika imla hugonga dawati tangu sentensi ya kwanza. Masikio hayana neno. Aliyarudia maneno yote niliyoyataja nyuma yake. Nilipomsimulia hadithi alijibu kila swali na kuongeza maoni yake mwenyewe, lakini kifungu kipya alikisoma silabi kwa silabi, akakisogeza kitabu mbali na uso, kisha akasema kichwa kinamwuma. Kwa hiyo sijui bado kama ni macho, au usomaji, au vyote viwili.

Bibi ameeleza kwamba msimu huu mpunga umeanza kukomaa, na mjukuu wake huamka alfajiri kwenda kuamia ndege kabla ya kuja shuleni, akirudi tena shambani jioni. Mama huyu hana mtu mwingine wa kumsaidia, na kwa kweli sikuwa na la kumlaumu.

Jibu: Mwalimu wa elimu maalumu, Arusha

Tangulieni na macho, kwa sababu mtoto akihitaji miwani, mazoezi yote ya kusoma bila miwani yatamchosha bure. Baada ya hapo mfundishe usomaji kwa muda mfupi kila siku, mbali na wenzake, kwa vifungu vifupi vyenye mambo ya rika lake. Usimpe kitabu cha Darasa la Pili chenye picha ya kuku juu; kijana wa miaka 13 atakirarua. Mwombe mwalimu wa Hisabati ampe kikundi cha kusaidia, ili apate mahali pengine pa kutazamwa na wenzake kuliko kwenye mzaha.

Usitegemee darasa litulie mara moja. Utakapoacha kumtoa nje, inawezekana ataongeza vurugu kwa kitambo, kwa kuwa njia aliyoizoea imefungwa. Mweleze mwalimu mkuu mapema na umwonyeshe daftari, ili mwalimu wa zamu asije akalimaliza jambo hili kwa fimbo siku usipokuwapo. Kuhusu shamba, mwenyekiti wa kitongoji huenda akajua majirani ambao wangepokezana zamu za kuamia na huyo bibi hadi mavuno, na hilo ni afadhali uliulize wewe mwenyewe kwa mdomo kuliko kumwandikia barua ya wito.