Mgonjwa hana bima: dawa za presha na insulini zinapatikanaje kwa unafuu Mbeya na Makete?

Mlezi_Mbalizi
Wakuu habari, na shikamooni mlionizidi umri. Kamati yetu ya huduma kanisani hapa Mbalizi inafuatilia wagonjwa wasio na bima. Wawili wanatutatiza. Kuna mama wa miaka 67 mwenye presha na sukari. Cheti chake kina amlodipine mg 10 na losartan mg 50 mara moja kwa siku, na metformin mg 500 asubuhi na jioni. Mwingine ni kijana wa miaka 16 kule Makete, anachoma insulini, na nyumbani kwao hakuna umeme. Tukichanga, hela inaishia kwenye dawa za mwezi mmoja. Tuanzie wapi?

Dirisha_la_Wazee
Ndugu, kwa huyo mama msianze na mchango. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji amtambue, mtendaji aandike barua yenye muhuri, kisha mfuatilie kitambulisho cha matibabu cha mzee halmashauri. Wakati kinasubiriwa, barua hiyo ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Wengi hukwama kwa sababu mbili. Jina kwenye barua halifanani na la kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura, au mgonjwa ameshalipa dirishani ndipo anaulizia msamaha. Hela ikishalipwa, kuirudisha ni kazi ngumu. Ustawi kwanza, malipo baadaye.

Pia msimkimbize moja kwa moja Rufaa ya Kanda. Aanzie zahanati au kituo cha afya cha kwao, apewe rufaa ikihitajika. Akiruka ngazi, atadaiwa gharama ambazo zingeepukika.

Famasi_Iringa
Naongezea, maana msamaha unafika mpaka pale dawa ilipo. Akiambiwa "hiyo haipo, kanunue nje", asiondoke na cheti kilekile. Arudi kwa daktari aulize kama kuna mbadala uliopo stoo. Kama amlodipine iliyopo ni ya mg 5, vidonge viwili vinafanya kazi ya kimoja cha mg 10, mradi iandikwe wazi kwenye bahasha. Losartan msiibadilishe wenyewe. Mbadala wake unategemea figo zake.

Ikibidi kununua, cheti kiwe na jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Hapo ndipo bei inapotofautiana sana kwa dawa ileile. Kwa siku 30 anahitaji amlodipine 30, losartan 30 na metformin 60. Ulizeni bei ya boksi zima kwenye famasi mbili tatu, kwa sababu kununua karatasi mojamoja huwa ghali zaidi. Metformin ya kawaida, ya kunywa na chakula, inatosha. Ile inayoachia dawa polepole ina bei ya juu na haifai kukatwa wala kutafunwa. Duka la dawa muhimu lina orodha fupi ya dawa za cheti linazoruhusiwa kuuza, hivyo msishangae mkielekezwa famasi. Dawa za mnadani msiguse kabisa.

Nesi_Njombe
Kijana wa Makete aandikishwe kliniki ya kisukari ya watoto na vijana. Tanzania ina mpango wa Changing Diabetes in Children unaotoa insulini bure kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Hospitali ya wilaya ielekeze kliniki iliyo karibu, naye aende na daftari lake la vipimo.

Kukosa friji hakumzuii. Chupa ya ml 10 ina uniti 1,000; anayechoma uniti 40 kwa siku anaimaliza kwa siku 25. Chupa iliyofunguliwa inakaa kama wiki 4 mahali penye ubaridi, na nyumba ya Makete ina ubaridi wa kutosha. Aandike tarehe ya kufungua. Chupa ambazo hazijafunguliwa zibaki friji ya kituo, achukue mojamoja. Iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Mkinunua sindano, soma ubavuni. Insulini ya uniti 100 kwa ml inataka sindano ya U-100. Ukiivuta kwa sindano ya U-40 kwa kufuata namba zake, anapata mara mbili na nusu ya dozi, na sukari inaweza kushuka hadi apoteze fahamu.

Mlezi_Mbalizi
Asanteni sana. Kuna mtu kamshauri mama anywe siku moja, aruke moja, ili dawa zidumu.

Famasi_Iringa
Hapana, tafadhali mkatazeni leo. Presha itapanda bila yeye kusikia chochote, na kiharusi hakisubiri mwezi uishe. Zikibaki za siku 7, ndiyo siku ya kurudi kituoni, si zikiisha.