MJADALA: Muundo wa DNA, Rosalind Franklin alidhulumiwa lini hasa, 1962 au 1953?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Kila ikitajwa DNA, ile molekuli inayobeba taarifa za urithi, lazima mtu aseme yule mwanamama wa Kiingereza aliyeichunguza kwa eksrei, Rosalind Franklin, alinyimwa Nobel kisa mwanamke, halafu mwingine anajibu Nobel hawapewi marehemu, mjadala unaishia hapo kila mtu anaondoka na lake. Mi naona tunagombania mwaka ambao sio. Mwaka 1962 walipopewa Nobel ya muundo wa DNA Watson na Crick, waliofanya kazi hiyo Cambridge, na Wilkins, mwenzake Franklin kazini, Franklin alishafariki tangu Aprili 1958, saratani ya ovari, ana miaka 37 tu. Tatizo liko 1953, wakati yupo hai, yupo kazini, na mtu akitaka kumuuliza anamuuliza.

Hebu tuangalie hiyo kazi yenyewe maana wengi tunaitaja tu. Pale King's College London, alikofanyia kazi Franklin, DNA ilitoka kwa Signer, mtu wa Bern huko Uswisi, kaitoa kwenye tezi za ndama. Ikiwa na maji inakuwa kama ute, ukiigusa ukavuta taratibu unatoka uzi mwembamba kama utando wa buibui. Franklin akagundua uzi ule ukiwa mkavu una umbo moja, ukipata unyevu unarefuka na kuwa na umbo lingine, akayaita A na B, na ndo maana picha za watu waliomtangulia zilikuwa zinatoka na ukungu, walikuwa wanapiga vitu viwili vimechanganyika. Mei 1952 yeye na mwanafunzi wake wa PhD, Raymond Gosling, wakapiga umbo B kwa eksrei, mtambo umewaka saa kama 62, ikatoka ile picha namba 51 yenye alama ya X katikati. Kwa watu wa fani ile, X ile maana yake uzi umejisokota.

Mwishoni mwa Januari 1953 Wilkins akamwonesha Watson picha ile, mwenyewe Franklin hana habari. Na kuna kubwa zaidi ya picha ambalo halisemwi sana, ile ripoti ya Desemba 1952 iliyoandikwa kwa ajili ya wafadhili wa utafiti, yenye vipimo vya Franklin, Perutz, mwanasayansi wa Cambridge, akawapa Watson na Crick, na Crick alipoona ulinganifu wa zile namba akajua nyuzi ni mbili na zinaelekea pande tofauti. Aprili 25 pepa ikatoka kwenye jarida la Nature, na shukrani zenyewe ni kasentensi kadogo mwishoni eti walichochewa na kufahamu kwa ujumla matokeo ya King's ambayo hayajachapishwa. KWA UJUMLA!! Namba zake wanazo mezani. Pepa ya Franklin na Gosling ikawekwa ya tatu toleo hilohilo, msomaji anamuona kama shahidi tu aliyeitwa kuthibitisha maneno ya wenzake, kumbe ushahidi ni wake.

Naomba kuwasilisha, tujadili kwa hoja.

Mwalimu wa Baiolojia

Mkuu umeandika vizuri ila naomba niweke upande wa pili, maana kila mwaka wanafunzi wananiambia "mwalimu waliiba picha" na mimi naona sio sahihi. Franklin alikuwa yuko mbioni kuhamia Birkbeck, chuo kingine cha London, Gosling anarudi chini ya Wilkins, kwahiyo picha ilimfikia Wilkins kwa njia ya kawaida ya kikazi. Ile ripoti nayo haikuwa ya siri.

Halafu kuna jambo ambalo King's hawakulifikia, lile la zile herufi nne za DNA (besi), A kushikana na T na G kushikana na C; A hii sio lile umbo A. Mwanakemia Chargaff alishapima akaona viwango vyake vinalingana ila hakuona kama maana yake ni jozi. Donohue, mwanakemia aliyekuwa nao Cambridge, ndo alimwambia Watson maumbo ya besi anayotumia ya vitabuni yamekosewa, akakata upya makaratasi, anayapanga mezani, jozi zikakaa. Ule ndo moyo wa DNA, ndo unaoeleza inavyojinakili, na ni kazi ya Watson na Crick. Franklin miezi mingi alikuwa kwenye umbo A kwa sababu lilimpa alama nyingi za kupima, na kwa umbo hilo akawa na mashaka kama ni msokoto kweli. Tusimpe asichofanya kwa kumuonea huruma.

Mtu wa Maabara

Mimi mnisamehe, linaloniuma ni Gosling. Uzi kauvuta yeye, mtambo kaulinda yeye, leo nani anamjua? Nimekaa maabara moja miaka sita, umeme ukikatika usiku ni mimi nakimbilia jenereta friza isiyeyuke, pepa ilipotoka nikakuta "tunawashukuru wafanyakazi wa maabara", hata jina hakuna.

Na msiniambie ndo utaratibu wa zamani. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika 1963, kaona maziwa ya moto ya aiskrimu yanaganda mapema kuliko yaliyopoa, mwalimu na wenzake wakamcheka. Akaja Osborne wa chuo kikuu cha Dar kutoa mhadhara, dogo akauliza, wakamcheka tena, ila Osborne akarudi Dar akajaribisha, na pepa ya 1969 jina la Mpemba liko la kwanza, la Osborne la pili. Profesa yule angeweza kuandika peke yake na hakuna ambaye angejua. Kwahiyo inawezekana ni moyo tu wa mtu.

Mleta mada

Mwalimu nakubali, wizi sio neno sahihi na jozi ni zao, hapo sibishi. Lakini mbona umeruka 1951? Watson na Crick walitengeneza modeli ya nyuzi tatu, fosfeti (sehemu ya uti wa mgongo wa kila uzi) wameziweka ndani, Franklin akaenda Cambridge akawaambia mmekosea, fosfeti ziko nje kwenye maji. Kwahiyo kipi kinakaa nje na kipi ndani ya DNA walifundishwa na yeye. Na daftari lake la Februari 24, 1953 linaonesha alishafika kwenye nyuzi mbili, A na B zote.

Na mwaka 2023 Cobb na Comfort, watafiti wa historia ya sayansi, waliandika kwenye Nature hiyohiyo kwamba tusimuone kama mhanga, alikuwa mshiriki sawa kati ya wanne. Sawa, naafiki kabisa, na baadaye alikuwa na urafiki na Crick mpaka alienda kupumzika kwao alipotoka kufanyiwa operesheni. Ila kama ni sawa kati ya wanne mbona sentensi ya 1953 haisemi hivyo? Watson mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1968 kakiri kuwa Franklin hakuwapa data zake moja kwa moja, na King's hawakujua kama wanazo. Katika kitabu hichohicho anamuita Rosy na kumchora kama mtu asiyejua alichoshika, marehemu hawezi kujibu. Hilo ndo siwezi kulimeza.

Mwalimu wa Baiolojia

Hilo la sentensi sina cha kulitetea, wangeandika vipimo ni vya nani wasingepungukiwa kitu. Jumanne nina kipindi cha form six, somo ni hilihili, miaka yote ubaoni huwa naandika Watson na Crick basi. Safari hii nitaandika majina manne.

Mtu wa Maabara

Matano mwalimu. Gosling.