Mjadala: Mgeni wa Kilimanjaro aje na kadi, dola au shilingi?

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Msimu unakaribia na maswali ya wageni yameanza kumiminika. Wakishauliza habari za viatu na baridi ya kileleni, karibu wote wanauliza jambo lile lile: nije na hela za aina gani? Hapo kila ofisi ina jibu lake. Hii inamwambia abebe dola mpya tupu. Ile inamwambia kadi inatosha. Nyingine inamwambia kadi inapokelewa, halafu siku ya kulipa anaongezewa asilimia ambayo hakuwahi kutajiwa. Naomba tulijadili kwa uwazi, waongozaji, wagumu (wapagazi wa mlimani), madereva, watu wa hoteli na wenye kampuni, Moshi na Arusha pamoja.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga ajue anapinga nini. Safari yenyewe ilipwe kwa kadi au kupitia benki, bila nyongeza yoyote. Matumizi ya mjini na tipu yalipwe kwa shilingi. Na huu ushauri wetu wa miaka yote, kwamba mgeni aje na bahasha ya dola ndogondogo, tuuache.

Nianze na tipu, maana ndipo panaponiuma.

Mnaijua hali ilivyo. Kundi limeshuka lango la Mweka, vumbi hadi kwenye nyusi, mgeni anatoa bahasha aliyokuja nayo kutoka kwao. Aliambiwa, mara nyingi na sisi wenyewe, abebe noti ndogo ili agawe kirahisi. Mgumu aliyebeba mzigo wa kilo 20 mlima mzima anapokea noti za dola moja moja na tano tano, nyingine zimekunjwa mara nne. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Kesho yake anazipeleka mjini.

Niliwahi kusimama nyuma ya kijana mmoja wa Kibosho kwenye dirisha la kubadilisha fedha. Mhudumu alizipanga noti zake juu ya kaunta, akazitenga mafungu matatu. Za tano na za kumi zikapewa bei moja. Za moja moja zikapewa bei ya chini zaidi. Fungu la tatu akalirudisha chini ya kioo: hii imechanika pembeni, hii imeandikwa kwa kalamu, hii ni ya zamani. Kijana hakubishana. Alichukua shilingi alizopewa, na zile zilizokataliwa akaenda kuzitafutia mtu wa mtaani, ambaye bila shaka alimpa bei anayotaka yeye.

Sisemi kwamba mhudumu alikuwa na roho mbaya. Anayenunua dola kwake ni mfanyabiashara anayekwenda kuchukua mzigo Dubai au Guangzhou, na huyo anataka noti za 100 zilizo safi. Kuhesabu, kukagua na kutunza noti mia za dola moja ni kazi ile ile ya kuhesabu noti mia za dola 100, wakati thamani yake ni ndogo mara mia. Ndiyo maana bei zinatofautiana. Na kuhusu noti za zamani, Marekani yenyewe inazitambua noti zake zote hata ziwe za mwaka gani, lakini huku kwetu zile za kichwa kidogo, yaani za zamani zenye picha ndogo ya kiongozi, hazitakiwi, na sehemu nyingi wanakataa hata za toleo la kabla ya 2006. Mgeni anashangaa kuambiwa hela ya nchi yake imezeeka. Ila yeye angalau ana kadi mfukoni. Mgumu hana pa kukimbilia, na kila senti inayopotea dirishani inatoka kwenye jasho lake.

Sasa sheria. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025 zinakataza kutangaza bei, kudai au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Kuna wanaosema tipu ni zawadi, si malipo, kwa hiyo haiguswi. Sitaki kugombana na wanasheria kwenye hilo. Ninachouliza ni hiki: mgumu akishaipokea hiyo zawadi ataitumia wapi? Mwenye duka la mchele Mbuyuni haruhusiwi kuichukua. Ada ya mtoto haipokelewi kwa dola. Tunampa mtu hela ambayo lazima aiuze kwanza ndipo iwe hela, na tunamwachia yeye gharama ya kuiuza.

Wenzetu wa Arusha wanakumbuka vizuri kuliko sisi. Novemba 2018 maduka ya kubadilisha fedha pale mjini yalipitiwa na operesheni ya Benki Kuu ikisindikizwa na askari, na mengi yakafungwa. Huduma imerudi kidogo kidogo, lakini tangu wakati huo watu wengi wa chini wamezoea kuuza dola kwa mtu anayemjua mtu. Huko hakuna risiti wala bei iliyobandikwa ukutani.

Mwongozaji mmoja ninayemheshimu sana, kaka yangu kikazi, alinipinga hivi: "Dola inatunza thamani. Mimi tipu yangu siibadilishi, naiweka." Hoja yake ina uzito. Aliyeweka dola mwaka 2023, zilipokuwa adimu hadi benki zinakupangia foleni, alifanya vizuri. Lakini aliyeziweka katikati ya 2024 zikiwa kwenye shilingi 2,600 na zaidi, akalazimika kuzitoa Desemba mwaka ule ule kulipia sikukuu na ada ya Januari, alikuta shilingi imepanda hadi karibu na 2,400. Kuweka dola ni biashara ya mtu mwenye akiba. Kiongozi wa msafara anaweza kuwa nayo. Mgumu anashuka mlimani na deni dukani. Tusipange utaratibu wa msafara mzima kwa kumtazama mtu mmoja anayeweza kusubiri.

Wengine wanasema shilingi ni nyingi mno kubeba. Tupige hesabu. Noti yetu kubwa ni ya 10,000. Tuchukue kiwango cha 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Safari ya dola 2,000 ni milioni 5, yaani noti 500. Mashine nyingi za benki zinampa mgeni shilingi 400,000 kwa mkupuo, kwa hiyo angechomeka kadi mara kumi na tatu, na kila mara kuna makato. Hilo halifai, na hakuna anayelipendekeza. Lakini tipu ya kundi ya dola 500 ni 1,250,000, noti 125. Akitoa mara moja uwanja wa ndege wa KIA anapotua, tena mara tatu mjini siku ya kupumzika kabla ya kupanda, anayo. Bahasha ni nene, ila kila aliyemo kwenye mgawo anapata noti ambayo jioni hiyo hiyo inanunua sukari.

Hapo ndipo tunafika kwenye kadi, na hapa nawageukia wenye kampuni na hoteli.

Asilimia 3 hadi 5 mnazomwongezea mgeni akilipa kwa kadi zinatuharibia jina. Najua benki inakata. Najua pia kwamba umeme, mafuta, kodi ya jengo na mshahara wa mpokea simu navyo vinakata, na hakuna anayeviandika kwenye ankara kama mistari ya pembeni. Makato ya mashine ni gharama ya biashara, yaingie kwenye bei. Mgeni wa Uingereza au wa nchi za Umoja wa Ulaya anatoka mahali ambapo tangu Januari 2018 muuzaji amekatazwa kumtoza mteja wa kawaida nyongeza kwa sababu tu ametumia kadi yake. Anapoiona kwetu, tena siku ya mwisho, anadhani anaibiwa. Na ubaya wake ni kwamba anaamua kubeba taslimu. Ndivyo mtu anavyoishia kupita Nairobi au Addis Ababa na dola elfu tatu kiunoni, halafu sisi tunamwandikia awe mwangalifu na vibaka.

Kama hifadhi za taifa ziliweza kuacha taslimu getini, ada zikalipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo, ofisi ya katikati ya mji inashindwaje?

Kuna jambo jingine dogo kuhusu kadi ambalo tunapaswa kuwaambia wageni na hatuwaambii. Mashine nyingine, kadi ikishaingia, inauliza kwenye kioo: ulipe kwa hela ya hapa au kwa hela ya kwenu? Mgeni anaona paundi au euro, anatulia, anabonyeza. Amechagua hasara. Kiwango kinachotumika hapo kinapangwa na wenye mashine, na kwa kawaida ni kibaya kuliko kile ambacho benki yake ingempa. Siku zote achague hela ya hapa. Mpokea wageni wa hoteli anaweza kulisema hilo kwa sekunde tano, na mgeni atamkumbuka.

Mtandao? Ndiyo, unakatika. Umeme nao. Ndiyo maana nasema kadi mbili za benki tofauti, na shilingi za kutosha siku mbili tatu, badala ya kutegemea kitu kimoja. Ukikatika mtandao siku ya malipo, kuna uhamisho wa benki, na kuna kumlipisha kabla hajafika. Hakuna sababu ya kumrudisha mtu kwenye dola taslimu kwa ajili ya saa moja ya kukosa mtandao.

Na shilingi zikimbakia? Atazibadili kabla ya kuondoka, maana akifika kwao hazitamsaidia. Au amalizie Soko la Mount Meru pale Arusha, wachuuzi watashukuru.

Tazameni pia sisi tunavyofanya tukisafiri. Mfanyabiashara wa Arusha akivuka Namanga anabadili hela, analala Nairobi kwa shilingi za Kenya. Akienda Guangzhou analipa kwa yuan, na siku hizi anaunganisha kadi yake na Alipay au WeChat kwenye simu kwa sababu hata muuza tambi hataki noti. Hakuna anayempokea kwa kumwambia hela ya nchi hii waachie wenyeji. Ni sisi tu tunaomwambia mgeni hivyo, na tunamwambia kabla hajapanda ndege.

Nabakiwa na hoja moja ngumu, na nakiri wagumu wanayo haki nayo. Wapo watakaosema: basi mgeni alipe tipu kwa kadi ofisini, kampuni itoe shilingi. Nimewasikia wagumu wakilikataa hilo kwa nguvu, maana tipu inayopita ofisini huchelewa, na ikichelewa hupungua. Nasimama nao. Tipu ipite mkononi, mbele ya wote, kiasi kikisomwa kwa sauti na mgawo wa kila mmoja ukijulikana kabla bahasha haijafunguliwa. Ofisi ikihusika, basi ihusike kwa kumpeleka mgeni kwenye mashine ya benki na kumsubiri atoe hela yake. Wapo wanaopendekeza kila mgumu atumiwe kwenye simu pale pale getini. Ningelipenda, ila makato ya kutuma na kutoa nani atayabeba? Asiwe mgumu tena.

Kwa hiyo naomba majibu ya watu wanaoifanya kazi hii kila wiki. Viongozi wa misafara: mkimwambia mgeni siku ya kwanza, kwenye kikao cha maelezo, kwamba tipu ni kwa shilingi, mnahofia atapunguza kiasi? Kuna aliyejaribu, na mgeni alisemaje? Wenye kampuni: ni nani kati yenu ameshaondoa asilimia ya kadi, na bei yake aliipangaje? Na wagumu, ambao humu ndani mnasoma wengi kuliko mnavyoandika: mara ya mwisho mlipobadili noti za dola moja moja, mlipewa shilingi ngapi kwa kila moja? Andikeni kiasi na mji, jina la duka msiliweke.