Acheni kuwaambia abiria kwamba rubani "amekataa kuruka". Saa zake zilikuwa zimeisha!

Wanajamvi, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kampala na Entebbe. Kapteni anashuka ngazi za ndege na begi lake, abiria wanamzomea, mmoja anamwita mwizi wa nauli. Chini yake watu wameandika matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Eti anajivuna. Eti marubani wamelewa mishahara. Mimi ndiye niliyekaa kiti cha kulia siku hiyo, rubani msaidizi wake. Kampuni siitaji kwa sababu bado nina mkataba nao, lakini kuona yule mzee anatwishwa lawama isiyo yake, hapana, sitanyamaza.

Nani aliwaambia abiria kwamba amekataa? Si yeye. Ni mtu wa kampuni aliyesimama mbele yao na kusema ndege ipo, mafuta yapo, tatizo ni kapteni tu. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyowasha moto. Nayo ni uongo, kwa sababu inaficha kitu ambacho ofisi ilikijua tangu saa tano asubuhi: saa zetu za kazi zilikuwa zinakwisha, na hakuna marubani wa akiba walioitwa.

Tuliripoti alfajiri. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, tukirudi, ziwa lilikuwa limechafuka. Wakazi wa Entebbe wanazijua radi za Ziwa Victoria, wingu linajengeka usiku juu ya maji na asubuhi bado limeketi palepale kwenye njia ya kutua. Tukazungushwa angani, mafuta yakafika kiwango ambacho lazima uondoke, tukaenda uwanja mbadala. Huko tukakaa tukisubiri kujaziwa mafuta, tukisubiri hali ya hewa, tukisubiri ruhusa. Kisha tukarudi. Kisha ofisi ikataka twende Juba na kurudi, kana kwamba asubuhi yote hiyo haikuwahi kuwapo.

Watu wengi wanadhani kazi ya rubani inahesabiwa kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Malipo ya saa, ndiyo, katika kampuni nyingi yanahesabiwa tangu ndege inapoondoka sehemu yake ya maegesho hadi inapoegeshwa tena. Lakini muda wa kazi unaanza unaporipoti. Unasoma hali ya hewa ya kila uwanja utakaopita, unasoma matangazo ya taa iliyozimika au njia iliyofungwa, unakokotoa mafuta ya safari, ya uwanja mbadala, na yale ya mwisho ambayo hutakiwi kuyagusa. Mmoja wenu anazunguka ndege na tochi akikagua matairi, mabawa, injini. Ukikwama chini kwa sababu ya mvua, muda huo wote unaendelea kuhesabiwa, na mwili unauhesabu hata pale ofisi isipouhesabu.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaitaka kila nchi mwanachama iweke kanuni za kudhibiti uchovu wa marubani, na hapa kwetu anayesimamia ni UCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Nitatoa mfano wa Ulaya kwa sababu takwimu zake ziko wazi kwa yeyote: zamu ya kawaida ya marubani wawili haizidi muda wa saa 13, tena inapungua kadiri safari za siku zinavyoongezeka au unapoanza kazi usiku. Kuruka kwenyewe ni saa 100 tu katika siku 28, na 900 kwa mwaka. Likitokea jambo lisilotarajiwa, kapteni anaweza kuongeza hadi saa mbili. Neno ni anaweza. Ofisi haina haki ya kumwongezea, wala mkuu wa kituo, wala abiria mwenye simu ya kurekodi. Ni yeye, baada ya kuwauliza wenzake hali zao.

Na aliniuliza. Alizima taa ya juu, akanigeukia, akasema, "Kijana wangu, uko sawa? Nataka jibu la kweli." Nikamwambia nimechoka, Kapteni. Akasema hata yeye. Basi ikaishia hapo. Hicho ndicho mnachokiita kiburi.

Mnajua uchovu unafanya nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Rubani akinuka pombe mtamfunga, na ni haki. Mbona akisema amechoka mnamzomea? Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilipitiliza njia ya kutua pale Mangalore, India, ikatumbukia bondeni, watu 158 wakafa. Kinasa sauti kilikuwa na mikoromo ya kapteni. Alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari, akaamka kuja kutua akili ikiwa bado usingizini. Rubani msaidizi alimwambia apande tena asitue, akamwambia zaidi ya mara moja, hakusikilizwa. Mimi nakaa kiti hichohicho cha msaidizi. Ripoti ile siwezi kuisoma kama habari ya watu wa mbali.

Mwaka mmoja kabla, Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50. Msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili afike kazini. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia uwezo marubani wote wawili. Baada ya hapo Wamarekani waliandika upya kanuni za mapumziko, wakataka rubani apate muda wa saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Bila kusumbuliwa! Sisi simu inaita usiku wa manane kuuliza kama unaweza kuwahi zamu ya fulani aliyeugua, na kesho yake karatasi inasema ulipumzika.

Halafu kuna hili la zamu ya kusubiri. Uko nyumbani, sare imepigwa pasi, umeamka kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu unaweza kuitwa wakati wowote. Unaitwa alasiri. Kama unaishi Kampala, unapambana na foleni hadi Entebbe, kilomita zaidi ya 35. Kwenye karatasi umeanza kazi sasa hivi, ukiwa mbichi kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni barua. Kapteni amepewa barua ya kujieleza. Mtu ambaye kila mwaka anapimwa moyo, macho na masikio ili abaki na leseni, ambaye mara mbili kwa mwaka anaingizwa kwenye simyuleta, mtambo wa chini unaoiga ndege, na kuzimiwa injini ili aonekane kama bado anaweza, leo anaulizwa kwa nini ametumia akili ileile anayopimwa. Na safari isipofanyika tunakosa posho ya saa hizo. Kwa hiyo huyo mnayesema amekataa amepoteza pesa yake mwenyewe, halafu anaambiwa ni mvivu.

Fikirieni vijana wanaotoka chuo cha urubani cha Soroti. Leseni ya biashara peke yake ni karibu saa 200 angani, ukoo mzima umechanga, wengine wameuza ardhi. Ukipata kazi unasaini kutumikia miaka kadhaa ili kulipia mafunzo ya kurusha aina ya ndege ya kampuni. Kijana huyo akiona kapteni mwenye mvi anapewa barua kwa kusema amechoka, unadhani yeye akiulizwa atasema nini? Atasema yuko sawa. Kila mara atasema yuko sawa, na ninyi mtakuwa nyuma mmefunga mikanda.

Kwa abiria wa siku ile: palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anawahi kumzika ndugu yake. Nilimwona, na imeniuma. Alistahili kuambiwa mapema kwamba marubani wamefikia ukomo wa saa, apewe njia nyingine au hoteli, siyo kuachwa amkabe kapteni kwa maneno. Nendeni mkaiulize kampuni marubani wa akiba walikuwa wapi. Na UCAA waje wakague saa tulizofanya kweli, wasiishie kwenye ratiba iliyopangwa mwanzo wa mwezi, maana ile daima ni safi.

NYONGEZA: Kuna aliyejibu hapo chini kwamba "ndege inajiendesha yenyewe, mnachoka na nini". Ssebo (bwana), mtambo unafuata ulichouambia. Hauamui kama mafuta yanatosha kuzunguka tena au ni wakati wa kuondoka kwenda Kigali, haujui kama pengo lile kati ya mawingu mawili litabaki wazi. Maamuzi hayo ndiyo kazi, na ndiyo ya kwanza kuharibika ukichoka.

NYONGEZA 2: Wanaouliza kuhusu kapteni, kikao chake ni Jumatatu. Nimeomba kuingia naye kama shahidi, nikiwa na nakala ya kumbukumbu za saa zetu za siku ile. Mwenye ile video kamili, hasa sehemu ya mwanzo pale tangazo linapotolewa, tafadhali anitumie PM.